Barua kwa Mjomba kuhusu Merikebu ya Beagle

Cambridge, Uingereza

Mjomba wangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo. Baada ya salamu, napenda kukuarifu kuwa mimi huku ni mzima wa afya, masomo yanakwenda vizuri na baridi nimeanza kuizoea. Natumai kuwa wewe, mkaza mjomba na watoto wote hamjambo.

Barua yako imenifikia na nimeisoma zaidi ya mara moja. Umeniuliza ni nani hasa huyu Charles Darwin ambaye watu wa barazani wanakwambia ndiye aliyesema kuwa binadamu ni mtoto wa nyani, na kama ni kweli kwamba alifika kisiwani, akawatazama ndege, akapata elimu yote kwa mkupuo. Tena, kwa kuwa wewe ni mtu wa vyombo, umetaka kujua alisafiri kwa chombo cha namna gani. Nitaanza na chombo, maana najua ndicho utakachokitafuta kwanza katika karatasi hizi.

Beagle ilikuwa merikebu ya jeshi la wanamaji la Uingereza yenye milingoti mitatu na urefu wa mita 27 hivi, kiasi kwamba haikuyazidi kwa urefu majahazi makubwa ambayo ulinihadithia kuwa yalikuwa yakija Unguja na kaskazi kutoka Arabuni. Ndani yake walibanana watu zaidi ya 70. Kazi yake ilikuwa kupima pwani ya Amerika ya Kusini, yaani kina cha maji, miamba, mikondo na bandari, ili manahodha wapate ramani za kuaminika, na vilevile ilibeba saa 22 za kupimia longitudo kuizunguka dunia yote. Darwin alipewa pembe ya chumba cha tezi, mlemle mlimowekwa meza kubwa ya kuchorea ramani, na usiku alitundika machela yake juu ya meza hiyo. Chumba kilikuwa kifupi na yeye alikuwa mrefu, kwa hiyo ilibidi mtoto wa kabati atolewe kila usiku ili miguu ipate pa kwenda.

Nahodha alikuwa Robert FitzRoy, kijana wa miaka 26 tu, hodari wa bahari lakini mwenye hasira za ghafla. Aliyemtangulia katika chombo hicho alijiua mwaka 1828 katika maji ya baridi na upweke ya kusini kabisa mwa Amerika, na mjomba wa FitzRoy mwenyewe naye alikuwa amekufa kwa mkono wake. Desturi ya jeshi haikumruhusu nahodha kula na kuzungumza na walio chini yake kama mtu na rafiki zake, na safari ilikusudiwa kuchukua miaka. Ndiyo maana FitzRoy alitafuta mtu msomi, wa daraja lake, atakayekaa naye mezani na ambaye angependa pia kuchunguza nchi watakazofikia. Watu wengi hawalijui hili: Darwin hakuajiriwa na jeshi kuwa mtaalamu wa viumbe wa merikebu. Kazi ya kukusanya sampuli kwa desturi ilikuwa ya tabibu wa chombo, Robert McCormick, naye alipoona kijana huyu asiye na cheo anapendelewa na nahodha, alikasirika akaiacha safari huko Brazil mwaka 1832.

Kijana mwenyewe alikuwa na miaka 22 na hakuwa amefanya jambo lolote la kutajika. Baba yake, tabibu tajiri wa mji wa Shrewsbury, alimpeleka Edinburgh asome utabibu, lakini Darwin alikimbia chumba cha upasuaji, kwa kuwa siku hizo wagonjwa walipasuliwa bila nusukaputi na mmoja wa aliowaona alikuwa mtoto. Kitu kimoja alichotoka nacho Edinburgh ni ufundi wa kukausha ndege na kuwahifadhi, aliofundishwa na John Edmonstone, mtu mweusi kutoka Guyana aliyekuwa mtumwa kisha akawa huru. Bila ufundi huo sijui angerudi na nini kutoka baharini, na inanisikitisha kuwa jina la mwalimu huyo hutajwa kwa nadra. Kisha baba akamleta hapa Cambridge ili awe kasisi, naye akatumia wakati wake mwingi kukusanya mende na kumfuata mwalimu wa elimu ya mimea, John Henslow, ambaye ndiye aliyempendekeza kwa safari.

Baba alikataa. Aliona ni upuuzi, ni hatari, haifai kwa mtu atakayekuwa kasisi, na ni njia nyingine tu ya kukwepa kazi ya maana. Lakini aliacha mlango wazi kidogo kwa kusema kuwa akipatikana mtu mmoja mwenye akili zake atakayeona safari hiyo inafaa, yeye atakubali. Mtu huyo alikuwa mjomba, Josiah Wedgwood, ndugu wa mama yake Darwin. Aliketi akazijibu hoja nane za shemeji yake moja baada ya nyingine kwa barua, kisha hakutosheka na barua, akafunga safari kwenda kuzungumza naye uso kwa uso, na baba akaridhia. Unaweza kukisia kwa nini kisa hiki kilinigusa. Sitasema zaidi, kwa sababu najua Baba naye ataisoma barua hii.

Waling'oa nanga tarehe 27 Disemba 1831. Ni miaka ileile ambayo Sayyid Said alikuwa anaanza kuhamishia makao yake Unguja. Kigegezi kilimshika Darwin tangu siku za mwanzo na hakikumwacha kwa miaka yote mitano. Alikuwa akilala chali kwenye machela na kula zabibu kavu, na alipata nafuu pale tu chombo kilipotia nanga. Labda ndiyo sababu alikuwa mwepesi wa kushuka: zaidi ya miaka mitatu ya safari hiyo aliipitisha nchi kavu, akipanda farasi, akichimba na kulala nje na wachunga ng'ombe, na baharini alikaa takribani mwaka mmoja na nusu.

Alichokifuata mwanzoni hakikuwa ndege, bali mawe. FitzRoy alimzawadia kitabu cha mwanajiolojia Charles Lyell, kilichodai kuwa milima na mabonde havikufanywa na maafa makubwa ya ghafla, bali na nguvu zilezile tunazoziona leo, mvua, mito, volkano na mitetemeko, zikifanya kazi kidogokidogo kwa muda usio na kipimo. Katika kisiwa cha Santiago, Cape Verde, Darwin aliona ukanda mweupe wa makombe ya baharini ndani ya jabali, juu sana kuliko bahari, akaanza kusadiki. Tarehe 20 Februari 1835 akiwa Valdivia, Chile, ardhi ilitetemeka chini yake, na walipofika mji wa Concepción waliukuta magofu. FitzRoy alipopima pwani ya jirani alikuta kome waliooza wakiwa bado wameganda kwenye mawe, karibu mita 3 juu ya kiwango cha maji kujaa. Pwani ilikuwa imeinuka kwa siku moja. Huko juu kwenye milima ya Andes, Darwin aliokota makombe ya bahari yaliyogeuka jiwe, na akajua mita 3 zikirudiwa mara nyingi mno zinafanya nini. Mjomba, hii ndiyo sehemu ambayo wasimulizi huiruka, nami naona bila hiyo mengine yote yasingewezekana, kwa sababu mtu asiyekuwa na muda mrefu mikononi hawezi kufikiri juu ya mabadiliko ya polepole.

Katika Argentina, karibu na Bahía Blanca, alichimbua mifupa ya wanyama wakubwa waliokwisha toweka, baadhi yao wenye gamba la mifupa mgongoni. Kilichomshangaza ni kwamba katika nchi ileile waliishi wanyama wadogo wenye gamba, wanaofanana kwa mbali na kakakuona wetu, na wanyama hao wadogo hawapatikani Ulaya wala Asia. Kwa nini wafu wa nchi moja wafanane na walio hai wa nchi hiyohiyo?

Kabla ya hapo, walipokuwa Brazil, aligombana na nahodha kwa sababu ya utumwa. FitzRoy alisimulia kuwa amemtembelea bwana mmoja mwenye watumwa wengi, ambaye aliwaita mbele yake na kuwauliza kama wangependa kuwa huru, na wote wakajibu hapana. Darwin akamuuliza kama jibu la mtumwa mbele ya bwana wake lina thamani yoyote. Nahodha alimfukuza mezani kwa ghadhabu, ingawa kabla ya siku kwisha alimwomba radhi. Darwin alilelewa katika familia iliyopinga utumwa kwa vizazi viwili, na aliyoyaona Brazil hakuyasahau.

Sasa nije kwenye visiwa vya Galápagos, ambavyo watu wako wa barazani wamevisikia. Beagle ilifika huko tarehe 15 Septemba 1835 na ikaondoka tarehe 20 Oktoba, na katika wiki hizo tano Darwin alikanyaga visiwa vinne tu. Ni visiwa vya volkano, vikavu na vyeusi, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka pwani ya Ecuador. Makamu wa gavana, Nicholas Lawson, alimwambia kuwa kobe wa kila kisiwa wana umbo lao, na kwamba yeye akiletewa kobe anaweza kusema ametoka kisiwa gani. Darwin alilisikia neno hilo likampita. Alikuwa tayari amechanganya sampuli za visiwa viwili, kwani hakufikiria kuwa visiwa vinavyoonana, vyenye mawe ya aina moja na hewa ya aina moja, vingekuwa na viumbe tofauti. Yeye mwenyewe aliliandika hilo baadaye bila kuficha. Tena aliwadhania kobe hao kuwa ndio wale wa Bahari yetu ya Hindi, walioletwa huko na maharamia ili wawe chakula chao. Mabaharia wa Beagle walipakia kobe wapatao 30, wakawala njiani, na magamba yakatupwa baharini pamoja na takataka za jikoni.

Ndege nao hawakupata bahati zaidi. Wale chiriku ambao leo wanaitwa kwa jina lake, Darwin aliwaweka pamoja bila kuandika kila mmoja ametoka kisiwa gani, na baadhi yao aliwadhania kuwa si chiriku kabisa kwa sababu midomo yao ilitofautiana mno. Ndege mmoja tu ndiye aliyemfanya awe mwangalifu, yule anayejulikana kwa kuigiza sauti za ndege wengine, maana aliona kuwa wa kisiwa cha pili si sawa na wa kisiwa cha kwanza. Katikati ya mwaka 1836, akiwa baharini anarejea kwao, alipopanga maandishi yake juu ya ndege hao aliandika kwa tahadhari kwamba iwapo mambo yako hivyo, basi itikadi ya kuwa spishi, yaani aina za viumbe, hazibadiliki itatikisika.

Huko Tahiti, New Zealand na Australia sitakupeleka. Nitataja tu kuwa katika Bahari ya Hindi walisimama visiwa vya Keeling, ambako Darwin alihakikisha wazo lake kuwa visiwa vya matumbawe vyenye umbo la pete hujengwa pale mlima wa volkano unapodidimia polepole huku matumbawe yakiendelea kukua kwenda juu kuufuata mwanga. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1952, wachimbaji katika kisiwa cha namna hiyo cha Enewetak, huko Bahari ya Pasifiki, walitoboa zaidi ya mita 1,200 za chokaa ya matumbawe kabla ya kulifikia jiwe la volkano. Kutoka Keeling walipita Mauritius, na hapo ndipo alipotukaribia sisi, kisha wakazunguka rasi ya kusini mwa Afrika na kufika Falmouth tarehe 2 Oktoba 1836. Inasemekana baba yake alipomwona tu aliwageukia dada zake Darwin akasema kuwa hata umbo la kichwa chake limebadilika.

Basi jibu la swali lako, Mjomba, liko hapa, katika miezi michache baada ya kurudi. Januari 1837 Darwin aliwakabidhi ndege wake kwa Chama cha Zoolojia cha London, nao wakapewa John Gould, mtoto wa mtunza bustani aliyekuwa fundi wa kuchora na kuainisha ndege. Katika siku chache Gould alitangaza kuwa wale ambao Darwin aliwadhania kuwa ndege wa koo mbalimbali wote ni chiriku wa jamii moja isiyopatikana kwingine, waliogawanyika spishi nyingi kwa midomo yao, na baadaye akathibitisha kuwa ndege waigizaji wa visiwa vile nao ni spishi tatu mbalimbali. Darwin ilibidi arudi kwa FitzRoy na kwa mtumishi wake mwenyewe, Syms Covington, kuwaomba ndege wao, kwa kuwa wao waliandika visiwa na yeye hakuandika. Nimeona katika jumba la makumbusho ya zoolojia la hapa Cambridge yai la ndege wa Amerika ya Kusini lililotoka katika mkusanyo wake, rangi ya kahawia, lina ufa mkubwa kwa sababu alililazimisha kuingia kwenye kisanduku kidogo. Mimi nilifarijika kuliona.

Kwa maoni yangu, ubora wake haukuwa jicho kali kuliko la wengine, bali kwamba alipoambiwa na Gould kuwa amekosea, hakubishana. Aliuliza maswali zaidi. Julai mwaka huohuo alifungua daftari jipya, na ndani yake akachora mti mdogo wenye matawi kuonyesha jinsi spishi moja inavyoweza kuzaa nyingine nyingi huku baadhi ya matawi yakifa, na juu ya mchoro akaandika neno moja la kusitasita, kwamba hivyo ndivyo anavyodhani. Daftari hilo lilipotea katika maktaba ya chuo hiki kwa zaidi ya miaka 20, likadhaniwa limeibwa, kisha Machi 2022 likakutwa sakafuni nje ya ofisi ya mkutubi, pamoja na jingine, ndani ya mfuko wa waridi wa zawadi. Aliyeliweka hapo hakujitaja.

Mti ulikuwepo, lakini nguvu inayoukuza aliipata Septemba 1838 aliposoma maandishi ya Thomas Malthus kuhusu watu kuongezeka upesi kuliko chakula. Darwin aliona kuwa hali ni hiyohiyo kwa kila kiumbe: wanazaliwa wengi kuliko watakaoishi, hawafanani, na yule mwenye tofauti inayomfaa hapo alipo ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kuishi, kuzaa na kuwarithisha watoto wake tofauti hiyo. Hili ndilo aliloliita uteuzi wa asili. Halihitaji maelfu ya miaka kuonekana. Katika kisiwa kidogo cha Daphne Major, hukohuko Galápagos, watafiti Peter na Rosemary Grant walipima chiriku mmoja mmoja kwa miaka mingi, na ukame wa mwaka 1977 ulipomaliza mbegu laini, walionusurika walikuwa zaidi wale wenye midomo mikubwa ya kuvunjia mbegu ngumu, na watoto wao nao wakazaliwa na midomo mikubwa.

Wewe unayefuga njiwa ungeelewana naye vizuri, kwa sababu naye alifuga njiwa wa kila namna nyumbani kwake Kent na kujiunga na vilabu vya wafugaji, ili aone jinsi mwanadamu anavyoweza kutengeneza ndege wa maumbo ya ajabu kwa kuchagua tu nani azalishwe na nani. Vilevile alitumia miaka minane kuchunguza wale viumbe wenye magamba wanaoganda chini ya vyombo, ambao mliwakwangua kila mlipokipandisha chombo pwani kukipaka shahamu. Muda wote huo nadharia ilikuwa kabatini. Mwaka 1844 alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker kuwa kusema spishi hubadilika ni kama kuungama kosa la mauaji, na katika mwaka huohuo alimwachia mkewe Emma maagizo ya kuichapisha endapo angekufa. Emma alikuwa mcha Mungu na alihofia roho ya mumewe, jambo ambalo Darwin alilijua na lilimuumiza.

Kilichomtoa kimya ni barua. Juni 1858 ilimfikia kutoka kwa Alfred Russel Wallace, mkusanyaji sampuli maskini aliyekuwa visiwa vya Malay, ambaye alikuwa amelifikia wazo lilelile akiwa peke yake. Rafiki zake wakapanga maandishi ya wote wawili yasomwe pamoja London tarehe 1 Julai. Wallace alikuwa mbali hana habari, na Darwin alikuwa anamzika mtoto wake mchanga. Kitabu chake juu ya asili ya spishi kilitoka tarehe 24 Novemba 1859, nakala 1,250.

Kuhusu nyani, kitabu hicho karibu hakikumgusa binadamu. Alilisema hilo mwaka 1871, na hakusema kuwa sisi ni watoto wa kima hawa wa msitu wetu wa Jozani, bali kuwa sisi na wao tuna wazee wa zamani sana wa pamoja, na kwamba huenda wazee hao waliishi Afrika, kwani ndiko waliko sokwe na sokwe mtu. Wakati huo hapakuwa na mfupa hata mmoja wa kale kutoka Afrika wa kumuunga mkono. Nyayo za wazee hao wa kale kule Laetoli, Tanzania Bara, zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6, zilikuja kugunduliwa baada ya 1975. FitzRoy hakukubali hata kidogo, na mwaka 1860 alisimama mkutanoni Oxford akiwa ameinua Biblia. Umkumbuke pia kwa jambo jingine, maana ndiye aliyeanzisha huku utabiri wa hali ya hewa na ishara za tufani ili mabaharia wasife ovyo. Ama kuhusu dini yetu, mimi darasani najifunza kupima ushahidi na wakati wa swala ukifika naswali, na sioni kuwa ni lazima nilimalize jambo hilo ndani ya barua. Tutalizungumza nikija, ukiwa na kahawa yako.

Nimebakiwa na habari moja. Mwaka 1874 Darwin, akiwa mzee, alitia saini pamoja na wataalamu wengine barua kwa gavana wa Mauritius, wakiomba kobe wakubwa wa kisiwa cha Aldabra walindwe wasimalizwe kama walivyomalizwa wa visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Kobe wa kisiwa chetu cha Changuu, waliotolewa Shelisheli zamani za Waingereza, ni wa jamii hiyo ya Aldabra. Ukiwapeleka watoto huko siku za sikukuu, wasimulie kuwa aliyewaombea ni mtu aliyekula wenzao wa Galápagos katika ujana wake.

Nisalimie sana mkaza mjomba, Bibi, na wote wanaoniulizia. Mwambie Mama kuwa pilipili ya unga imefika salama. Naomba radhi zako na dua zako, na naomba uniandikie upesi kama njiwa wale weupe wametaga.

Wasalaam,
Mpwa wako